Kuigiza michoro mashuhuri kwa vitu vya nyumbani: watoto wanajifunza sanaa au wanacheza tu?

MwalimuWaLikoni (Mombasa, Agosti 2020)

Asalaam aleikum na hamjambo wote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Tangu shule zilipofungwa katikati ya Machi nimekuwa nyumbani na wanangu wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka 7, pamoja na binti wa dada yangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kidato cha kwanza. Mwezi uliopita ilipotangazwa kwamba shule zitabaki zimefungwa hadi Januari 2021, niliona kwamba hesabu na kusoma nitaweza kuvisimamia kwa vitabu tulivyo navyo, lakini somo la sanaa, ambalo hata shuleni hupewa kipindi cha mwisho cha Ijumaa na mara nyingi huliwa na mitihani, litapotea kabisa nisipolitafutia njia.

Nimekuwa nikiona mtandaoni picha za watu waliofungiwa majumbani na korona, ambao hujivika mataulo, mashuka na vyombo vya jikoni ili wafanane na watu waliomo katika michoro ya zamani ya Ulaya, kisha huweka mchoro na picha yao bega kwa bega. Watoto walizipenda papo hapo, nami nikazipenda, ila sitaki kuwapa jambo la kuwapotezea saa tu na kuliita somo.

Kwanza, je, mtoto hujifunza chochote kuhusu sanaa kwa njia hii? Pili, ninayo simu moja yenye kamera ya wastani na bando ninalolipima kila siku, hivyo zile ziara za video za majumba ya makumbusho siziwezi. Nianzie mchoro upi, na niupate wapi bila kumaliza salio? Jambo la mwisho ndilo zito zaidi kwangu. Shemeji yangu, baba wa huyu binti, hataki kabisa sura ya mwanawe iwekwe mtandaoni, nami namheshimu katika hilo. Je, binti anaweza kushiriki pamoja na wenzake bila kuonyesha uso, na asijione kwamba ametengwa?

Mpwani_Rotterdam

Waaleikum salaam, mwalimu, na pole kwa kubeba shule na nyumba kwa wakati mmoja.

Mimi ni mzaliwa wa huko huko Mombasa, ila sasa ninaishi Uholanzi, ambako jambo hili lilianzia. Katikati ya Machi, sisi huku nasi tulipoambiwa tubaki majumbani, mwanamke mmoja wa Amsterdam, Anneloes Officier, alifungua ukurasa wa Instagram akauita Tussen Kunst en Quarantaine, yaani Kati ya Sanaa na Karantini. Aliigiza ule mchoro wa Johannes Vermeer, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, wa msichana mwenye hereni ya lulu: taulo likawa kilemba, na kitunguu saumu kikakaa mahali pa lulu. Sharti lake lilikuwa kutumia vitu vitatu vilivyomo nyumbani. Tarehe 25 Machi jumba la makumbusho la Getty la Los Angeles, ambalo lilikuwa limeshafunga milango yake, likatoa mwito uo huo kwa dunia nzima, na Warusi wakaanzisha kundi lao la Facebook liitwalo Izoizolyacia, ambalo liliwakusanya watu zaidi ya nusu milioni na ambalo halikuruhusu picha zihaririwe kwa kompyuta.

Kwa swali lako la kwanza jibu langu ni ndiyo, wanajifunza, na sababu ni hilo sharti la vitu vitatu. Mtu asiyezuiwa idadi hujaza vitu mpaka picha ifanane juu juu. Anayeruhusiwa vitatu hana budi kuuliza ni kitu gani kinachoushika mchoro usianguke, na hilo ndilo swali ambalo mchoraji mwenyewe alijiuliza.

Nakushauri uanze na mchoro mwingine wa Vermeer, ule wa mtumishi wa jikoni anayemimina maziwa, uliochorwa karibu mwaka 1660 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Ni mdogo, sentimita 45 kwa 41 hivi. Mwanamke amesimama mbele ya ukuta mweupe, amevaa blauzi ya manjano na aproni ya buluu, anamimina maziwa kutoka kwenye jagi la udongo, na mezani pana mikate. Waambie watoto wautazame bila haraka kabla ya kugusa kitu chochote. Wataona kwamba nuru yote inatoka dirishani upande wa kushoto, kwamba ukuta una msumari na matundu ya misumari iliyong'olewa, kwamba juu ya mikate kuna vitone vyeupe vinavyoifanya ing'ae, na kwamba uzi wa maziwa ni mwembamba mno kwa mwili mkubwa namna ile. Ile buluu Vermeer aliipata kwenye jiwe la lapis lazuli, lililokuwa likichimbwa Afghanistan na kuuzwa kwa bei kubwa, naye akaipaka kwenye aproni ya mtumishi. Watoto wakishalijua hilo, waulize kwa nini aliifanya hivyo, nawe usiwape jibu lako.

Kuhusu salio, huhitaji video. Rijksmuseum huruhusu picha za kazi zake kupakuliwa bure, nayo picha moja unaipakua mara moja na kuitazama wiki nzima bila intaneti. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani nayo ilifungua hazina yake mwezi Februari mwaka huu, picha milioni 2.8 zinazoweza kutumiwa na yeyote kwa lolote. Siku utakayokuwa na bando la kutosha, waonyeshe picha ya Ulinzi wa Usiku, mchoro wa Mholanzi Rembrandt, ambayo Rijksmuseum waliitoa Mei. Imeunganishwa kutokana na picha 528 na ina pikseli bilioni 44.8, lakini simu hupakia kile kipande tu unachokikuza, na unaweza kukaribia hadi ukaona nyufa za rangi iliyopakwa mwaka 1642. Hata mimi niliyekwisha kusimama mbele ya mchoro wenyewe sikuwahi kuziona, kwa kuwa kamba ya walinzi haikuruhusu mtu kusogea kiasi hicho.

MamaWaShangani (Copenhagen)

Dada mwalimu, mimi nitajibu lile swali la uso, kwa sababu hata sisi Wazanzibari tunaoishi huku Denmark tulilijadili na mabinti zetu tulipofungiwa, na nisingependa mtu akwambie kwamba shemeji yako amepitwa na wakati. Picha ikishatoka mkononi mwako huwezi kuirudisha. Mzazi ana haki ya kulifikiria hilo.

Mtafutie binti michoro ya Vilhelm Hammershøi. Huyu alikuwa mchoraji wa hapa Copenhagen, na tangu mwaka 1898 hadi 1909 aliishi na mkewe, Ida, katika nyumba ya mtaa wa Strandgade nambari 30, ambayo aliichora vyumba vyake tena na tena: milango iliyo wazi, kuta za kijivu, jua lililoanguka sakafuni, meza isiyo na kitu. Sidhani kama yuko mchoraji anayefaa zaidi kwa watu waliofungiwa ndani. Mara nyingi mkewe yumo, lakini ametupa mgongo. Kuna mmoja wa mwaka 1904 ambamo mwanamke mwenye gauni jeusi amesimama kwa nyuma, amebana sinia ya fedha kiunoni, na kando yake kuna bakuli kubwa la kaure lenye mfuniko. Hakuna zaidi ya hayo, na bado mtu hushindwa kuondoa macho, akitaka kujua mwanamke yule anatazama nini.

Binti wa kidato cha kwanza anaweza kusimama hivyo akiwa na baibui au ushungi wake, na sinia mkononi, mbele ya ukuta mtupu. Hapo uso haukufichwa, maana mchoro wenyewe ndivyo ulivyo, kwa hiyo hatajiona kwamba ametengwa. Kazi ngumu itakuwa kuuondoa ukuta vitu vyote, kalenda, saa, waya wa umeme, na kumfanya asimame kwa uzito uleule, bega moja limeshuka kidogo kuliko jingine.

Iko pia njia ya kutomweka mtu kabisa. Waholanzi wa karne ya 17 walichora meza za chakula zilizoachwa nusu, na Willem Claesz. Heda ana mmoja wa mwaka 1635, pale pale Rijksmuseum, ambao karibu wote ni wa rangi ya kijivu na dhahabu: kombe la dhahabu, bilauri, sahani za chaza, limau lililomenywa nusu ganda likining'inia. Katika meza za aina hiyo mara nyingi utaona karatasi iliyoviringishwa kama ile ya kuuzia njugu barabarani, nayo ndani ina pilipili manga, ambayo wakati ule ilivuka bahari yetu kabla ya kufika kwenye meza ile. Mpe mwanao wa miaka 7 ndimu, bilauri, sahani ya bati na kitambaa cheupe kilichokunjika. Mwambie asipange vizuri. Achunguze jinsi Heda alivyoacha sahani zitokeze nje ya ukingo wa meza.

Mchoraji_Mbezi (Dar es Salaam)

Nawashukuru walionitangulia, na ninakubaliana nao kwamba kuigiza hufundisha kutazama. Ninalotaka kuongeza ni kwamba mwalimu asiishie hapo. Mtoto aliyeigiza vizuri amefika mlangoni. Kama hakutengeneza kitu chake mwenyewe baada ya hapo, basi ameifurahia sanaa lakini hajaifanya.

Sisi wachoraji wa Dar es Salaam tuna mfano wetu. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia ubao wa dari na rangi za mafuta zing'aazo, za aina ipakwayo baiskeli, na vijana waliokaa naye walijifunza kwa kunakili kazi yake, mnyama kwa mnyama, mpaka kila mkono ukapata mwendo wake. Alifariki mwaka 1972, na bado mtindo ule unaendelea hadi leo hii, kwa sababu kunakili kulikuwa mwanzo na hakukuwa mwisho. (Lakini mwalimu, tafadhali, rangi zile usiwape watoto ndani ya nyumba, kwani mvuke wake unadhuru. Mkaa, chaki na kalamu za rangi vinatosha.)

Kwa upande wa picha za simu, ninayemwona kuwa mwalimu bora ni mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948, nayo ilikuwa uani mwa nyumba, akitumia nuru ya mchana. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani mwake lenye matamvua, na baadaye alibadilisha vitambaa kila baada ya miaka michache, vikiwa na maua, majani au miraba. Wateja walikuja na nguo zao nzuri, naye aliwaazima saa, kalamu, redio, hata pikipiki, ili kila mmoja aonekane vile alivyotaka kukumbukwa. Kwa kuwa vifaa vilikuwa ghali, alizoea kupiga picha moja tu kwa mtu, kwa hiyo alimpanga kwanza: mkono uwekwe wapi, kichwa kigeuke kiasi gani. Tazama kazi zake uone jinsi maua ya gauni yanavyokutana na maua ya kitambaa cha nyuma hadi mtu anaonekana kama ametokea ndani ya nguo.

Nyumba gani ya Mombasa isiyo na leso, yaani kanga? Tundikeni leso uani kwenye kamba, asubuhi kabla jua halijawa kali au alasiri kivulini, mkae ndani ya nguo mlizozichagua wenyewe, kila mtoto akishika kitu kimoja anachotaka kimweleze. Wekeni sharti la Keïta, picha moja kwa kila mtu. Simu imetuzoesha kupiga picha arobaini na kuchagua baadaye, na kwa hiyo hatumtazami aliye mbele yetu. Ukipewa moja tu, utamtazama. Anayepiga picha ndiye anayefanya kazi kubwa, kwa hiyo mpeni kazi hiyo binti mkubwa. Sura yake haitaonekana popote, na kila picha itakuwa yake.

MwalimuWaLikoni

Sijui niwashukuruje. Niliposoma majibu haya niliyaandika kwenye daftari la maandalio ya masomo kama ninavyofanya nikiwa shuleni.

Tulianza na mchoro wa maziwa. Mwanangu mkubwa ndiye aliyegundua kwamba jikoni kwetu nuru inatoka kulia, akakataa katakata kuendelea mpaka tukahamishia meza chumba cha mbele. Blauzi ya manjano ilikuwapo, leso ya buluu ikawa aproni, na kwa kuwa sikuwa radhi maziwa yamwagwe tulikoroga unga wa ngano na maji. Unga ule ulidondoka kwa mabonge, hautiririki kama uzi, nao wakashughulika nao kwa muda mrefu, wakichuja kwa kitambaa na kujaribu tena, hadi yule mdogo akasema, "Mama, yule mama wa kwenye picha haangalii sisi kwa sababu akiangalia itamwagika." Sikuwahi kuufikiria mchoro huo hivyo, na nina hakika asingeliona hilo kwa kuutazama tu.

Binti wa dada yangu alisimama na sinia kama alivyoeleza Mama wa Shangani. Baba yake ameiona picha na ameomba imtumiwe kwa simu yake, jambo ambalo lilimfurahisha binti kuliko nilivyotarajia. Leso tutazitundika wiki hii.

Ila binti huyo aliniuliza swali ambalo nimeshindwa kulijibu inavyostahili. Alikuwa akitafuta michoro mingine, akaniuliza kwa nini kila amwonapo mtu mweusi katika michoro ya Ulaya, mtu huyo amebeba kitu cha mwingine: sinia, mwavuli, mbwa. Anataka kuigiza mtu mweusi aliyechorwa kwa ajili yake mwenyewe. Je, wapo?

Mpwani_Rotterdam

Mwalimu, mpe hongera zangu binti huyo, kwa maana ameuliza swali ambalo majumba ya makumbusho yenyewe yalichelewa kujiuliza.

Wapo. Na yuko mtu aliyelifanya swali hilo kuwa kazi yake katika kipindi hiki hiki. Peter Brathwaite ni mwimbaji wa opera wa Uingereza, mwenye sauti ya baritoni, ambaye asili ya familia yake ni Barbados. Maonyesho yake yaliposimamishwa kwa ajili ya korona aliitikia ule mwito wa Getty, lakini akaamua kuigiza michoro yenye watu weusi peke yake. Tangu Aprili amekuwa akiifanya mfululizo, kwa nguo na vyombo vya nyumbani mwake, na amekwenda nyuma karne nyingi. Haikwepi ile ya watumishi. Anaichukua na kuigeuza ili yule aliyesimama pembeni akiwa na sinia awe ndiye anayetazamwa, na mara nyingi huyo hata jina hakuandikiwa. Mwonyesheni binti kazi hizo, kisha mzungumze naye juu ya michoro ile ya mwavuli na mbwa, badala ya kuiruka.

Kwa mchoro wa kuigiza, ninampendekezea ule wa Jan Mostaert, wa kati ya mwaka 1525 na 1530 hivi, ambao pia umo Rijksmuseum. Ni picha ya mwanamume Mwafrika aliye peke yake, na hudhaniwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika michoro ya Ulaya inayojulikana hadi leo. Hajabeba cha mtu. Amevaa glavu, mkono umekaa kwenye mpini wa upanga wake mwenyewe, kiunoni ana mkoba uliotariziwa, na kwenye kofia yake kuna beji ya mahujaji waliokwenda kumzuru Bikira Maria wa Halle, mji ulio katika nchi ya Ubelgiji ya leo. Kwa alama hizo tunajua kwamba alikuwa mtu wa cheo na Mkristo aliyesafiri kwenda hija, ingawa jina lake linabishaniwa. Kofia, mkoba na mpini: hivyo ni vitu vitatu kamili. Akitaka kumweka baba yake au mjomba wake pale mbele ya ukuta, na yeye awe mpiga picha kama alivyoshauri Mchoraji wa Mbezi, amwelekeze hasa kwenye mabega na kidevu, kwani heshima ya mtu yule iko katika namna alivyosimama kuliko katika mavazi.

Mchoro huo ni wa sentimita 31 kwa 21 hivi. Ukiipeleka picha yake saiba ikachapishwe kwa rangi kwenye karatasi ya A4, utakuwa nayo ukutani karibu kwa ukubwa wake halisi.